Upande wa Mlima

Silvesta alipopata malipo ya mnada wa nne
alinipigia toka Newala, sauti imejaa
kama gunia la korosho lililoshonwa mdomo:
"Mpeleke Mama hoteli ile mpya ya Masasi,
ile yenye lifti. Alale usiku mmoja kama watu.
Chumba achague mwenyewe. Bei usimtajie."

Mama akauliza, "Kwani nyumbani nalala kama nani?"
Lakini alioga mapema,
akatoa doti ya sandukuni inayonuka dawa ya nondo,
akafunga mihogo miwili ya kuchemsha kwenye kitambaa.
Huwezi kumwamini mtu
anayekupikia bila kujua jina lako.

Kijana wa mapokezi, Nurdini, tai imemkaba:
"Tuna upande wa ziwa, laki na arobaini.
Upande wa mlima, laki na ishirini.
Wa nyuma unatazama jenereta, elfu themanini."
Alilitamka *ziwa* taratibu,
kama anayemlisha mgonjwa uji.

Mama akasogea dirishani.
Akacheka hadi akashika kaunta.
"Mwanangu, lile ni shimo.
Walichimba kifusi cha barabara ya Nachingwea,
wakaondoka na magari yao,
mvua ikaja, ikakaa.
Beberu wa Bi Namkaa alizama mle, yule mwenye doa.
Kama maji yale ni laki na arobaini,
mwenye mbuzi amelipwa na nani?"

Nurdini akaiangalia kompyuta.
Kompyuta nayo haikumjua yule mbuzi.

Tukapanda kukagua.
Ndani ya lifti aliniminya mkono, akanong'ona
kwamba tumbo lake limebaki chini, tulirudie.
Kitanda akakibonyeza kwa ngumi kama donge la maandazi.
Bomba akalifungua, akalifunga, akalifungua tena,
midomo ikicheza: alikuwa anahesabu ndoo.
Mashuka akayanusa.
"Hawa wanafua," akasema,
na kwake hiyo ndiyo nyota ya tano.

"Na mlima, mama?" Nurdini akajaribu.
"Mlima upi, Mtandi? Nimeupanda na mimba,
nimeushuka na kuni, nimeukalia nikilia msiba.
Leo unitoze kuutazama?
Tupe huo wa jenereta."

Nami, kwa kiburi cha mtoto aliyeshika pesa za mwingine,
nikalipia mlima.

Alinuna hadi usiku.
Supu yao aliionja mara moja,
akasema chumvi yake ina haya,
akafungua mihogo.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamka. Kitanda chake kitupu,
shuka limekunjwa kama la mgeni asiyetaka deni.
Alikuwa roshanini, ameketi sakafuni,
kiti amekiachia kanga.
Mbele yake jiwe zima la Mtandi,
jeusi, kisha la kijivu,
kisha ile michirizi ya maji ikaanza kuonekana.

"Njoo," akasema bila kugeuka.
"Miaka hamsini na miwili nimeishi kiunoni mwake.
Nimeona mawe, nyasi, nyoka,
visigino vya aliyenitangulia.
Sikujua kuwa una mabega."

Akanyoosha kidole. Moshi ule ni jiko la Yustina,
anawahi maji ya moto, mumewe ana pumu.
Pale palikuwa na chemchemi.
Na pale, penye mwamba uliopasuka, ndipo alipozaliwa Silvesta;
"usimwambie, anadhani ni hospitali."

Kisha kimya kirefu. Jenereta likazimwa.
"Umelipa ngapi?"
"Themanini."
"Mwongo," akasema, na hakuondoka pale.

Wakati wa kurudisha ufunguo Nurdini akauliza
kama tumeridhika na mandhari.
Mama akajifunga kanga upya.
"Mlima wenu mzuri. Ila waambie wageni wako,
lile bati jekundu chini ya mwamba, kushoto,
ni nyumba yangu. Wanaitazama kila siku,
na mimi bado sijawaletea bili."