Jivu la Kibokoni

Usiku nikifungapo, mofa langu Kibokoni,
Makaa yangali papo, nayafukia jivuni,
Asubuhi nirudipo, jicho jekundu li ndani,
Hufukua, hupuliza, kazi ikaanza tena.

Mwanangu yule Thuweba, kutoka shule kangia,
Kala mkate kashiba, ndipo aliponambia:
“Chini ya tabaka saba, ndani ya hii dunia,
Kuna moto, ni mkongwe, hata tarehe hauna.

“Mawe yalikigongana, angani, si mara moja,
Kila pigo likabana, joto ndani likangoja,
Chuma kikatonatona, chini kikawa kimoja,
Na kushuka kule kwote, kulizaa joto tena.”

Nikamwambia, “Hadaa! Makaa yana ajali:
Gunia lote makaa, halivuki Jumapili,
Miaka ya kushangaa, ya mabilioni kweli?
Huko ni mpishi gani, kuni zisoisha ana?”

Akacheka: “Mama, humo, mawe yenyewe ni kuni.
Chembe za urani zimo, zimetawanyika ndani,
Zavunjika mumo mumo, moja leo, moja lini?
Kila moja hutupia, kijoto cha kunong'ona.

“Na mwamba wenyewe jivu, hautoi joto mbio,
Una choyo, una wivu, hulitoa kwa kituo;
Moto wa kale, mvivu, na mpya uzaliwao,
Imelala kitandani, shuka moja yagawana.”

Nikakumbuka babake, mchimba visima Shee,
Na ile sururu yake, matumbawe ipasue,
Akipanda, nguo zake, baridi nizikamue,
Hunena, “Chini baridi, na moto sijauona.”

Thuweba kaguna: “Baba, pima kumi alifika;
Ngozi tu, na tena haba, kama chungwa kuchubuka.
Lau saba mara saba, jasho lingemiminika.
Kiini, jua usoni, kwa joto vinafanana.”

Sasa yuko Kikowani, mwaka wa tatu kalala;
Nalihofu udongoni, baridi ije kumla.
Kumbe joto toka chini, lapanda, halijalala,
Dogo, kiganja cha mtu, hakiwezi kuliona.

Sikumwambia Thuweba, haya niliyoyawaza.
Nikapima, kwa kibaba, unga wa kesho kuuza;
Jivu, tabaka si haba, makaa nikayalaza
Polepole, kama mtu, amfunikaye mwana.