Mkebe wa Vifungo

Nasambu ameniomba mkebe wa vifungo.
Mwalimu amewafundisha uwezekano,
kisha akasema kila mtu atunge mfano wake.
Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Kariobangi,
vifungo ndiyo mali tuliyo nayo.
Nikasukuma mkasi kando, nikamwaga mezani.

"Cheupe na chekundu, hivi ni vyako.
Cheupe na chekundu, hivi ni vya Baba.
Kila mmoja atoe kimoja bila kutazama."

Sindano ikanichoma kidole.
Miaka kumi na mitatu nyuma, kliniki,
Bi. Kerubo alinipangia jozi hizo hizo
kwa vizibo vya chupa za dawa,
karatasi ya damu ya mtoto ikiwa katikati yetu.

Akaandika, ulimi nje kidogo:
cheupe, cheupe.
Cheupe, chekundu.
Chekundu, cheupe.
Chekundu, chekundu.
"Njia nne, Mama, ya tano hakuna.
Uzito wao sawa. Ukizijumlisha unapata moja."
Akaizungushia duara ile ya mwisho
na asiseme neno.

Damu yake hujipinda kama mundu.
Julai, baridi ikishuka, hulala amekunja magoti
nami nakesha na chupa ya maji ya moto.

Jirani yangu Achola aliwahi kunituliza:
"Moja kwa nne? Basi mmeshalipa.
Hao watatu wajao ni wazima."
Nikamwamini. Makokha akaja, mzima,
nikamnunulia Achola leso.
Kisha akaja Simiyu. Miezi tisa tu, vidole vikavimba.
Nikarudi kliniki na hasira ya mtu aliyepunjwa chenji.
Bi. Kerubo akanipa maji, akangoja niyamalize.
"Uwezekano si foleni, mama.
Haujui nani alipita jana.
Kila mimba, mkebe hujazwa upya."

Baba yao, mlinzi wa usiku kule Viwandani,
hubeti mechi kumi kwenye tiketi moja.
Nasambu alimwonyesha juzi, kwa penseli:
nusu mara nusu, mara nusu, mara nusu,
endelea hivyo hadi kumi.
"Baba, hapa kuzidisha kunapunguza."
Shiundu akacheka, akavaa koti lake.
Jumamosi akabeti tena.

"Na mimi?" Makokha mlangoni, chapati mkononi.
Dada yake akaifunika kwa kiganja ile jozi nyekundu.
"Wewe tunajua huumwi, kwa hiyo hii imefungwa.
Zimebaki tatu, si nne tena.
Mbili kati yake zina chekundu kimoja.
Mbili kwa tatu, umekibeba na hujui."
Makokha akaacha kutafuna.
"Kibaya?"
"Hakikuumi. Lakini siku ya kuoa, mpimwe kwanza, wewe na yeye."
"Kuoa!" akasema, akakimbia nje.

Stima ikapotea, kama kawaida ya Jumanne.
Gizani akaniuliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu:
"Mama, kwa hiyo mimi nilikuwa robo?"

Nimepima mabega ya watoto wa shule tisa,
najua mkono utakaorefuka kabla ya muhula kuisha.
Hili sikuwa na futi ya kulipimia.
Nikasema: "Ulikuwa robo kabla hujaja.
Usiku ule Pumwani, ulipolia,
hesabu ile ikaisha.
Ukawa moja. Moja nzima."

Akanyamaza, akalipima jibu langu.
"Ni kweli," akasema mwishowe.
"Tukio likishatokea, ni moja.
Iko ukurasa wa kwanza."

Stima iliporudi alikuwa ameshalala juu ya daftari,
Simiyu kajibanza mgongoni pake.
Nikakusanya vifungo kabla ya kurudi kwa cherehani:
sare kumi na mbili, za kesho asubuhi.
Vyeupe viwili. Chekundu kimoja.
Cha nne alikuwa amekifumbata,
nami sikumfumbua ngumi.