Mrututu wa Hombolo

Stoo ya kemikali walisema umekwisha.
Karani akageuza chupa, akaigonga kitako,
zikadondoka punje tatu za buluu, kama kejeli.
Oda ipo njiani, akasema. Tangu Machi.

Basi Jumamosi nikaenda Hombolo kwa baba,
nikamkuta katikati ya mizabibu, bomba la dawa mgongoni,
majani yamepauka kwa chokaa na mrututu,
kucha zake za kijani mpaka kwenye nyama.
"Nipe nusu kilo."
"Una donda?"
"Hapana. Naenda kuupika."
Akanitazama kama mtu anayehesabu ada alizolipa.

Mrututu wa shamba una mchanga, una nyuzi za gunia.
Niliuyeyusha, nikauchuja, nikauacha upoe,
nikauyeyusha tena. Mara ya nne ukatulia:
buluu tupu, hauna hata kumbukumbu ya gunia.

Dokta Ndahani hufundisha kwa chaki.
"Metali," asema, "ni mkwe asiye na kitu,
huja na nafasi tupu. Ligandi ndiye aletaye vyombo:
jozi nzima ya elektroni, wala hadai nusu."
Darasa likacheka. Mimi nikaandika pembeni:
shaba hushika wanne kwa karibu, wawili kwa mbali,
kama ukoo wowote ule.

Ligandi yangu niliijenga mwenyewe, miezi miwili,
naitrojeni huku, naitrojeni kule,
katikati pete za kaboni, mfupa usiopinda.
Ikishika shaba kwa mkono huu
haiwezi kujikunja kuishika ile ile kwa mkono wa pili;
lazima itafute shaba nyingine, na hiyo itafute ligandi nyingine,
hivyo hivyo, mnyororo usiojua pa kuishia.
Ndivyo ilivyokuwa kwenye daftari.
Kwenye bika ilikuwa unga.

Unga wiki ya kwanza. Unga wiki ya tatu.
Wiki ya tano ukaganda kwenye kuta za chupa kama mlenda wa jana.
Nilikuwa na haraka. Nilimimina hiki ndani ya kile,
nikakoroga, nikataka leo leo.
Umeme ukakatika, feni ya moshi ikanyamaza,
vumbi la kilimani likapita chini ya mlango.
Mama Matika, anayeosha vioo vya maabara,
akashika bika langu akalinusa:
"Wenzako humimina ubavuni, Sechelela. Taratibu.
Wewe unawagonganisha."

Nikachukua neli nyembamba. Chini, maji ya shaba;
katikati, spiriti tupu, uwanja usio wa mtu;
juu, ligandi, tone kwa tone, ikiteleza kwenye kioo.
Nikaiziba kwa karatasi, nikaitoboa kwa sindano,
nikaificha kabatini nyuma ya mizani mbovu
nikaenda kuvuna zabibu.

Siku kumi na moja.

Niliporudi nilidhani ni ufa kwenye neli.
Zilikuwa fuwele, fupi kuliko punje ya uwele,
buluu iliyoonja kijani,
zimesimama pale pale maji mawili yalipokutana
bila mtu kuyakoroga.
Kwa uroho nikazitoa nizione vizuri.
Spiriti iliyokuwa imelala vyumbani mwake ikatoka,
kuta zikaanguka, nikabaki na unga mkononi,
unga, mara nyingine tena.

Moja nimeiokoa. Iko ndani ya tone la mafuta,
itapelekwa nje kupigwa miale,
hapa mashine hiyo hatuna.
Sijui bado kama ni mnyororo, au wavu,
au ni mrututu ule ule umevaa nguo ya kuazima.

Jioni baba akapiga. Bei ya zabibu imeshuka.
Akauliza kama ule mzigo ulitosha.
Nikamwambia imebaki punje moja, inasubiri ndege.
Akanyamaza. Nikasikia mkasi ukikata, ukikata.
"Nusu kilo yote," akasema, "ikawa punje."
Kisha, baada ya vichala viwili vitatu:
"Inang'aa?"