Tundu la Jeti

Barabara ya Kirinyaga, saa nne, matope ya jana hayajakauka.
Kathini amepanga vitu vitatu juu ya kaunta:
kabureta mpya ndani ya nailoni, inang'aa kama jino la dhahabu;
kabureta kuukuu, iling'olewa kwenye gari lililobingirika Salgaa,
ina ufa ambao yeye anauita mkwaruzo;
na bahasha: gasketi, sindano, diaframu, jeti ya shaba.
"Mpya elfu kumi na nane. Ya ajali elfu sita, tutaongea.
Bahasha elfu mbili mia nne, lakini hiyo ni ya mtu mwenye subira."

Mimi sina subira.
Nina Peugeot 404, rangi ya maziwa yaliyoungua,
imelala Kariobangi miaka kumi na tisa
kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.
Ilikuwa ya mama. Mama alikuwa mkunga.

Fundi Akhonya alinituma na sheria zake, nikaziandika kiganjani:
mpira wa zamani usirudi, hata ukiulilia;
petroli ya leo hula mpira wa juzi kama mchwa.
Tangi litiwe kokoto na mnyororo, litikiswe mpaka kutu iungame.
Filta iwe ya kioo: adui nimwone akija.
Na pampu ya umeme, hapana, hapana kabisa,
inasukuma kwa hasira, sindano itashindwa, bakuli litafurika,
utawaka moto pale Pangani na watu wanapiga picha.
Tafuta ile ya mkono wa chuma, inayosukumwa na injini yenyewe.
Moyo hauazimwi kwa jirani.

Nilinunua bahasha.
Si subira; pesa ziliishia kwenye mipira na pampu.

Akhonya akafungua kabureta ya mama juu ya gazeti.
Unga wa kijani. Boya limetoboka. Mende mmoja, mkavu.
Akaichomoa jeti, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango,
akanyamaza muda wa mtu kumenya chungwa.
"Namba imekwaruzwa. Tundu limezibwa kwa risasi, likatobolewa upya, dogo zaidi."
Akaiweka kando ya ile ya bahasha.
"Hii mpya imepimiwa hewa ya bondeni, hewa nzito.
Sisi tuko juu. Hewa yetu ni uji wa mwisho wa mwezi:
ukiikorogea petroli yote hiyo, injini itakohoa masizi.
Aliyeziba hapa aliujua mji huu. Fundi gani?"

Nikaona dirisha la chumba chetu, Ofafa,
boneti wazi usiku wa manane, tochi kwapani,
mama ameuma kibanio cha nywele,
na mwanamke mahali fulani, Bahati au Makadara, anasubiri kwa uchungu.
Miaka yote nilidhani alikuwa anajitengeneza nywele.

Nikasema: rudisha ya zamani.
Akasema: risasi hii ikiachia njiani,
utamlaumu Akhonya, hutamlaumu marehemu.
Tukabishana hadi chai ikaja, ikapoa, ikanywewa na mwanafunzi wake.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kibanio."
Nikachomoa kimoja kichwani. Hakikuingia.
Akakinoa kwenye jiwe, akajaribu, akakinoa tena,
mpaka kikapita kwenye tundu la mama
bila kukwama, bila kucheza.
Kwa kipimo hicho akaziba jeti mpya, akaitoboa.

Iliwaka mara ya tatu. Ya kwanza na ya pili sizisimulii.
Bado inanuka petroli asubuhi; Akhonya anasema ni gasketi,
Kathini anasema ni Akhonya.

Jeti ya zamani iko kwenye pochi, pamoja na sarafu.
Juzi karibu nimpe muuza sukumawiki.
Aliigeuza, akaichungulia, jicho moja limefumbwa,
akaniuliza, "Hii inapitisha nini?"