Kofia ya Bi Diễm

Fonti ilitoka mbali, imekunjwa ndani ya faili moja,
nyembamba, maridadi, na leseni ya mwaka mzima.
Mkurugenzi akasema: hii ndiyo sura yetu sasa.
Khuê akaipakia, akaendesha programu,
dirisha likafunguka, maneno yakaketi
kama wageni waliotoka kupigwa pasi.

Hospitali ya Huế, chumba cha kusubiri, kitengo cha macho.
Skrini ukutani inaita kwa herufi kubwa:
namba, jina, mlango.
(Muuguzi aliyekuwa akiita kwa sauti
aliondolewa siku skrini ilipofika.)
Kisanduku cha jina kina kimo cha pikseli 24.
Nani aliandika 24?
Mtu fulani, mwaka fulani,
ambaye herufi zake hazijawahi kuvaa kitu kichwani.

Kule herufi huvaa.
Huvaa kofia, na juu ya kofia wimbi,
na wimbi si pambo.
Sisi tuna kaa la moto, kaa wa pwani,
na kaa kitako unyamaze;
tumezoea sentensi ituamulie.
Kule alama ndogo ndiyo hakimu.
Diễm, wimbi likiwa juu, ni uzuri wa kugeuza shingo.
Likate wimbi, unabaki na Diêm:
kiberiti.

Jumanne, Bi Diễm, miaka sabini na minne,
mtoto wa jicho kulia, mtoto wa jicho kushoto,
alifika saa moja asubuhi na mjukuu wa kumsomea.
Saa tatu skrini iliandika DIÊM, MLANGO WA 3.
Mjukuu ana miaka tisa, husoma kilichoandikwa.
“Bibi, wanamwita Kiberiti.”
“Mwache aende,” akasema bibi, “labda anaumwa kuliko mimi.”
Wakasubiri.
Kiberiti hakutokea mlango wa tatu.
Saa tisa unusu mhudumu alianza kupiga deki
kuzunguka miguu yao.

Simu ilimkuta Khuê na bakuli la mchele mkononi.
Alishuku hifadhidata, akaifungua:
jina lilikuwa zima, na wimbi lake,
lilikuwa zima tangu siku ya kwanza.
Dirisha ndilo lililokuwa na mkasi.

Usiku ule alijaribu kuipunguza fonti.
Wimbi likarudi, lakini herufi zikawa chembe za ufuta,
na wasomaji ni watu wanaopapasa ukuta.
Alijaribu kuazima herufi moja kwenye fonti nyingine.
Ikasimama katikati ya jina, nene, fupi,
kila mtu angejua si ya ukoo huo.
Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Saa nane usiku akaacha kuilazimisha, akaiuliza:
unapanda kiasi gani juu ya mstari?
Unashuka kiasi gani chini yake?
Ukivaa kila ulicho nacho, unahitaji dari ya wapi?
Fonti ilikuwa na majibu yote.
Ilikuwa imeyabeba tangu ilikotoka,
hakuna aliyeyataka.
Khuê akafuta 24.
Mahali pake akaandika swali,
lijibiwe upya kila dirisha likifunguka.

Alhamisi, DIỄM, MLANGO WA 3.
“Ni wewe,” mtoto akasema.
“Lote?”
“Lote. Hata lile la juu kabisa.”
Akamchorea kiganjani: kofia, halafu wimbi,
na bibi akafumba mkono juu yake
kama mtu aliyerudishiwa chenji,
akainuka, akapapasa kiti, akaenda.

Mkurugenzi alipita jioni, akahesabu safu za majina:
zilikuwa saba, sasa ni sita.
Akauliza kama haiwezekani kubana kidogo tu,
hapo juu,
ambapo hakuna kitu.