Toleo Maalumu

Jua la Calama halina haya.
Miaka ishirini na minane limeilamba Pijo yangu,
bampa ya mbele, bampa ya nyuma, kanda za milangoni,
mpaka plastiki iliyotoka kiwandani nyeusi tii
ikawa kijivu cha kisigino kisichojua mafuta.

Mnunuzi anakuja saa kumi na moja, kutoka Antofagasta.
Kaniambia kwenye simu: "Kwenye picha linaonekana la kizee."
"Kizee ni nani," nikamuuliza, "mimi au gari?"
Akacheka. Bei hakuipandisha.

Washauri hawakosi. Hermógenes, shemeji yangu,
kaegemea ukuta na kikombe chake:
"Paka kiwi."
Nilipaka kiwi mwaka juzi. Gari lilipendeza wiki moja,
suruali za abiria zikapendeza mwezi mzima.
"Basi siagi ya karanga."
Hermógenes, nataka kuliuza, si kulila.

Nimeanza saa moja asubuhi, kabla ya upepo.
Sabuni, maji ya moto, mswaki wa zamani wa Nelson:
kwenye vinyweleo vya plastiki linatoka vumbi la mgodi,
jekundu, jembamba,
la miaka niliyodhani nimekwisha kuioga.
Nikabandika gundi ya karatasi ukingoni mwa rangi nyeupe,
nikaikandamiza kwa ukucha.
Kisha bunduki ya hewa moto, ya kuazima,
ambayo Don Wenceslao hubandulia rangi za milango.

Hakuna aliyeniambia hili, nimeliona mwenyewe:
weusi haukuwahi kuondoka.
Ulirudi ndani tu, ukajifungia,
ukaacha ganda la nje ligombane na jua.
Ukipitisha joto (usisimame, usisimame,
ni pasi juu ya shati la nailoni)
unatoka taratibu, una unyevu,
unatazama huku na huku.

Chini ya taa ya kulia nilisimama.
Hermógenes alikuwa ananisimulia habari za goti lake.
Pamebonyea pale, panang'aa kama kovu.

Kwenye ukanda wa mlango wa nyuma, kushoto,
kijivu kilipokimbia kilibaki kitu.
Nikadhani mkwaruzo. Nikaongeza joto.
Y.
Halafu A.
Halafu S iliyotupa kisogo,
herufi za msumari, za mkono mfupi,
kimo cha mtoto aliyesimama kwa vidole.
Hapo zikakoma.

Yasna. Leo ni mkaguzi wa hesabu kule Iquique,
senti moja haimpiti.
Kumbe kijivu kimemtunzia siri miaka yote hii.
Nani alimkatiza? Labda mimi,
dirishani, nikiita watu chakulani.
Nikapiga picha, nikamtumia.
Akajibu neno moja: "Nelson."
Nelson hana Y hata ya kukopa.

Ningeweza kuzifuta. Msasa ninao.
Nikachukua kipande cha shuka, mafuta ya kitani,
nikapaka mara ya kwanza, nikangoja, nikapaka ya pili.
Kadiri plastiki ilivyozidi kuwa nyeusi
ndivyo zilivyozidi kusomeka.

Saa kumi na moja na robo. Kijana, miwani ya jua kichwani.
Akalizunguka gari kama ng'ombe wa mnadani,
akapiga tairi teke, akainama.
"Na hii YAS?"
"Toleo maalumu," nikasema. "Yalitoka machache."
Hermógenes akapaliwa na chai.
Kijana akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua siku zote.

Kovu la chini ya taa ndilo lililonikata peso elfu hamsini.
Noti akanihesabia juu ya boneti.

Usiku vidole vyangu vilikuwa bado vyeusi.
Sabuni ilishindwa, limau likashindwa.
Nikamega mkate hivyo hivyo,
na kila nilipougusa
uliacha alama.