Kaunta Namba Tatu

Kiti kinayumba, Havijawa. Usihangaike nacho.
Nimekikunjia boksi la sabuni chini ya mguu wa kushoto,
lina miaka minne pale, linaujua mgongo wangu.

Kesho utakaa wewe,
na fulana nyekundu iliyoandikwa BEI CHEE kifuani,
watu watakusoma kabla hawajakuona.
Tangulia kusalimia. Mkubwa mpe shikamoo yake
hata kama foleni imefika kwenye majokofu ya maziwa.
Haikuli muda,
na uliyemnyima atakuhesabia chenji mara tatu.

Kiberiti mashine haikisomi.
Namba zake nimezibandika ndani ya droo,
kwa mwandiko mbaya, utazoea.

Wako watakaoongea na simu mpaka mwisho,
noti wanakunyooshea pembeni
kama mtu anayelisha mbuzi wa jirani.
Pokea kwa mikono miwili.
Si kwa ajili yao. Mikono ni yako.

Utaambiwa chenji ikikosekana, toa pipi.
Nimezitoa sana. Mia ya mtu nimeigeuza mnanaa
na sikuuliza kama anaipenda.
Mpaka akaja yule mtoto wa Mzee Ngwatu,
kamwaga pipi kumi kaunta, karatasi zimeshikamana kwa joto:
"Baba kasema hizi ni elfu moja. Nipe chumvi."
Foleni ikacheka.
Nilizihesabu moja moja, nikampa chumvi,
jioni droo ikapungua elfu, nikatia yangu.
Tangu hapo kila asubuhi namsubiri mama wa sambusa wa Kimanga
na kopo lake la siagi lililojaa sarafu.
Mpe noti safi. Usimpe kuukuu, atakuacha.

Sasa sikia lile ambalo meneja halijui.

Kuanzia tarehe ishirini hivi
utamwona mtu hatazami bidhaa, anatazama kioo cha bei.
Midomo inacheza, anajumlisha pamoja na mashine:
elfu kumi na nne,
kumi na tano na mia mbili,
na mkono umeingia mfukoni, hautoki.
Hapo usiseme haitoshi.
Usimwite Lukelo aje na ufunguo wa kufuta,
"Kaunta ya tatu, futa mafuta!"
Tabata nzima itajua nani kashindwa nusu lita.
Sema, "Samahani, mashine imegoma."
Ipige kofi kidogo ubavuni. Ilaumu kwa moyo wote,
haina mke wala watoto wa kuwatazama jioni.
Mwenzio atapata nafasi ya kukumbuka:
"Aa, mafuta hayo yaache. Nyumbani yapo."
Nawe ukubali kwamba yapo.
Yasogeze chini ya meza, polepole, lebo itazame ukutani.

Nani kanifundisha?
Msichana mmoja wa Kariakoo, zamani, mwanangu mgongoni.
Alikuwa anatafuna bablishi.
"Toa unachotoa, mama, kuna watu."
Nikatoa maziwa ya kopo.
Sura yake nimeisahau. Kucha zake zilikuwa za zambarau,
ya kidole gumba imebanduka.

Basi. Ufunguo wa droo huu hapa, uvute kwanza kisha uzungushe.
Mkataba wangu unaisha saa mbili usiku,
meneja kasema "tutakupigia," kwa adabu kabisa,
akanipa mkono huku anasoma ujumbe.

Mwezi ukikaribia kuisha nitapita hapa.
Nitapanga foleni kama watu, sitajipenyeza kwa kujuana.
Mkate, chumvi, mafuta nusu lita.
Unisalimie kwanza, mimi mkubwa kwako.
Na ukiona nimekodolea kioo
muda mrefu kidogo,

Havijawa,
mashine hiyo
ina tabia ya kugoma.